Nipe Mji: Historia Fupi ya Marudio ya Hesabu

Kitendawili kina sheria moja ambayo watu huisahau. Ukitegewa ukashindwa, hupigwi, hufukuzwi, na hakuna anayeandika jina lako ubaoni. Unaombwa mji tu. Unatoa Mombasa. Ukiwa bahili unatoa Salgaa. Mtegaji akiridhika anauchukua, anajigamba kidogo vile amefika huko na kupokelewa kama mfalme, kisha anadaiwa: lazima atoe jibu, na kila mtu alisikie. Aliyeshindwa anabaki bila mji, lakini anaondoka na jibu. Na kesho yake, kitendawili hichohicho ndicho atakachokimbilia kuwategea wengine.

Hayo, ukiyaangalia vizuri, ni marudio. Swali linakuja bila onyo, unalitafutia jibu kichwani, ukikosa unalipa kitu kidogo, halafu unaelezwa.

Naanzia hapo kwa sababu kila mwaka, kuanzia Septemba hivi, Kenya nzima huingia msimu wa marudio, ama rivisheni kama tulivyozoea kuita. Fotokopi zinanguruma. Mwalimu wa hesabu anakuja na bunda la karatasi za miaka iliyopita, na watoto wanaanza kuulizwa zilezile mpaka wanakariri kwamba jibu la swali la kumi na saba ni C. Wengi wetu tulipita hapo na tukadhani marudio ya hesabu yalikuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Yana historia, na sehemu yake imepita hapa Molo, kwenye baridi na viazi vyetu. Ukiifuata historia hiyo utaona kwamba marudio makavu hayakutokana na ubaya wa walimu. Yalitokana na uhaba wa viti.

Turudi miaka ya 1930. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901, ikipanda kutoka Nakuru kupitia Njoro, Elburgon, Turi na Molo hadi Mau Summit. Pembeni mwa reli walowezi walikuwa wamejikatia mashamba ya kondoo, ng'ombe na pareto. Mwaka 1931, pale Turi, kilomita chache kutoka Molo mjini, ilifunguliwa shule ya St Andrew's kwa ajili ya watoto wao. Shule za aina hiyo ziliandaa watoto kwa mtihani wa Common Entrance, ambao ulikuwa mlango wa kuingia shule kubwa za bweni kule Uingereza.

Kwenye mashamba yayo hayo waliishi maskwota, familia za Waafrika zilizoruhusiwa kulima kijisehemu na kufuga wanyama wachache badala ya kutoa jasho lao. Mtoto wa huko, kama alibahatika kupata shule, miaka ilivyosonga alikuja kukutana na mitihani tofauti kabisa. Wa kwanza ulikuja mwisho wa darasa la nne. Wa pili ulikuja mwisho wa darasa la nane na uliitwa KAPE, Kenya African Preliminary Examination. Kila mmoja ulikuwa chujio. Shule za kuwapokea waliopita zilikuwa za kuhesabika, kwa hivyo kazi ya mtihani haikuwa kujua mtoto ameelewa nini. Kazi yake ilikuwa kupunguza watu.

Na hesabu yenyewe haikuwa jambo la darasani tu. Kibarua wa shamba alifanya kazi kwa tiketi ya siku 30. Kila siku uliyofanya kazi iliwekewa alama, na mshahara ulikuja tiketi ikijaa. Siku ambayo haikuandikwa ilikuwa siku ya bure. Mzee aliyejua kuhesabu aliweza kusimama mbele ya karani na kubisha. Asiyejua alirudi nyumbani na alichopewa. Kwa hivyo mzazi wa Molo alipomtuma mwanawe shule akajifunze hesabu, hakuwa anafikiria cheti. Alikuwa anafikiria tiketi.

Wachache waliopenya chujio walikutana na mtu mmoja wa ajabu. Edward Carey Francis alikuwa mhadhiri wa hisabati Cambridge, akaacha kazi hiyo na kuja Maseno mwaka 1928. Mwaka 1940 alihamia Alliance, akawa mwalimu mkuu hadi 1962. Alipostaafu hakurudi kwao. Alienda kufundisha shule ya sekondari Pumwani, Nairobi, na alikuwa bado anafundisha alipofariki mwaka 1966. Hebu fikiria: mtu aliyefundisha hisabati Cambridge anasimamia shule ya wavulana wa Kiafrika, na kati yako na yeye kuna karatasi moja ya KAPE. Alliance iliwachota wa kileleni. Ukiwa wa pili kutoka kileleni kwenye kijiji chako, basi, rudi ukapalilie pareto.

Ndipo ukaja Uhuru. Ubaguzi wa shule kwa rangi uliondolewa, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba, na katikati ya miaka ya 1960 mtihani mpya ukachukua nafasi ya ule wa zamani: CPE, Certificate of Primary Education. Karatasi zake zilikuwa tatu: Kiingereza, hesabu, na moja ya jumla iliyobeba masomo yale mengine yote. Na majibu yalikuwa ya kuchagua.

Hili la kuchagua nalo lina kwao. Maswali ya aina hii yalibuniwa Kansas, Marekani, na mwalimu aitwaye Frederick J. Kelly mnamo 1914 na 1915. Shule zilikuwa zimefurika, na njia ya kusahihisha karatasi nyingi kwa haraka na kwa usawa ilitakiwa. Kenya ya baada ya Uhuru ilikuwa na shida hiyohiyo, tena mara kumi. Mwaka 1974, baada ya Rais Kenyatta kuondoa karo katika madarasa ya chini, watoto karibu milioni moja zaidi waliingia shule za msingi kwa mpigo. Utasahihishaje insha za watoto wote hao? Unawapa majibu manne wachague, mashine inasoma.

Kwa hesabu, hilo lilibadilisha marudio kabisa. Zamani mwalimu aliona hatua zako: hapa ulijumlisha vizuri, hapa ukasahau kubeba moja. Sasa aliona herufi tu. Na wanafunzi, ambao si wajinga, wakagundua kwamba herufi inaweza kupatikana bila hatua. Rudisha kila jibu kwenye swali uone lipi linaingia. Ondoa lile kubwa mno na lile dogo mno. Ukikwama kabisa, jaza tu, usiache wazi. Mbinu hizi zikawa ndizo marudio. Walimu walizifundisha waziwazi, na usiwalaumu, kwa sababu viti vya sekondari ya serikali vilikuwa vichache na vijiji vilikuwa vinajijengea shule za harambee ili watoto wasibaki nje.

Wakati huohuo, hesabu yenyewe ilikuwa imebadilika kutoka juu. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika na wa Kimarekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu mpya kwa fedha za Marekani. Ilikuwa enzi ya mashindano ya kwenda angani na kila nchi ilitaka wanasayansi. Vitabu vya Entebbe na vilivyofuata vilileta seti, miungano ya seti, na kuhesabu kwa vizio vingine badala ya kumi. Wanahisabati waliipenda. Mzazi wa Molo aliyeweza kujumlisha bei ya magunia ya viazi kichwani bila kalamu alifungua daftari la mwanawe akakuta miduara imepandana. Afanyeje? Akafunga daftari.

Huo ndio uharibifu ambao hauandikwi sana. Marudio ya jioni, yale ya mama anakoroga ugali huku akikuuliza saba mara nane, yalikatika, kwa sababu mama hakuijua tena hesabu ya shule. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka Rais Moi akaamuru hesabu mpya iondolewe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama hii inakukumbusha wazazi wa juzi wakilia kuhusu kazi za nyumbani za mtaala wa CBC, haujakosea. Kila mtaala unaomfungia mzazi nje humnyima mtoto nusu ya marudio yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Katikati ya miaka ya 1970, ndani ya Wizara ya Elimu, kulikuwa na mtafiti aitwaye Anthony Somerset. Yeye na wenzake walishughulika na swali rahisi: kama kila shule inafundisha kwa ajili ya CPE tu, kwa nini tusiutengeneze mtihani wenyewe uwe kitu kinachofaa kufundishwa? Wakaanza kupunguza maswali ya kukariri na kuongeza maswali ya kufikiri, yenye mambo ambayo mtoto wa kijijini anayajua. Halafu wakafanya kitu kingine. Wakaanza kutoa jarida la CPE na kulituma shuleni kila mwaka baada ya mtihani. Jarida hilo lilichukua maswali yaliyowashinda watoto, likaonyesha ni asilimia ngapi ya watahiniwa walichagua A, ngapi B, ngapi C, ngapi D, kisha likaeleza ni mawazo gani yaliyowapeleka kwenye jibu lisilo sahihi na mwalimu afanye nini.

Soma tena hapo. Mtihani ulikuwa umechukua mji, na kwa mara ya kwanza ulikuwa unarudisha jibu.

Nikupe mfano nilioutunga mwenyewe ili uone nguvu ya jambo hilo. Hapa Molo kuna gunia linaloitwa mukorino. Ni gunia la viazi lililoongezewa kichwa cha neti kwa juu, likafungwa kama kilemba cha Akorino. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja, lakini ndani kuna zaidi ya gunia. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, ila kanuni ni karatasi na lori ni lori. Haya: mkulima amelipwa shilingi 3,000 kwa gunia linalodaiwa kuwa la kilo 50. Ukweli ni kwamba lina kilo 75. Ni asilimia ngapi ya viazi alivyotoa hakulipwa? A, 25. B, 33⅓. C, 50. D, 75.

Jibu ni B. Kilo 25 kati ya 75 zimeenda bure. Lakini tuache jibu, tuangalie walioanguka. Aliyechagua A aliona namba 25 akaishika, hakufikia hata kugawanya. Aliyechagua D aliokota namba nyingine ya swali. Aliyechagua C ndiye wa kuzungumza naye, kwa sababu huyo anajua asilimia: amechukua 25 akagawanya kwa 50. Tatizo lake ni kujua asilimia ya nini. Watoto hawa watatu wamekosa swali moja kwa sababu tatu tofauti. Ukiwachapa wote, au ukiwaambia wote "rudia mada ya asilimia", umemsaidia nani? Wa C angesaidiwa na dakika mbili na viazi halisi mezani. Na kesho akisimama mbele ya lori, dakika hizo mbili ni 1,500 mfukoni mwa mamake, maana kilo 25 kwa 60 ndiyo hiyo.

Marudio ya namna hii ndiyo Somerset na wenzake walikuwa wakiyasambaza kwa posta nchi nzima. Na yalifanya kazi: wilaya zilizokuwa zimebaki nyuma zilianza kupunguza pengo.

Lakini bahasha ilikuwa na kitu kingine. Pamoja na maelezo ya makosa, wizara ilitoa pia orodha za ubora: wilaya gani ya kwanza, shule gani ya ngapi. Nia ilikuwa kuwaamsha waliolala. Ila kati ya maelezo marefu ya kwa nini watoto walichagua C, na orodha fupi inayosema jirani yako amekushinda, unadhani mwalimu mkuu alibandika gani ofisini?

CPE ya mwisho ilifanywa 1983. Mfumo wa 8-4-4 ukaongeza darasa la nane, 1984 ikapita bila mtihani, na 1985 KCPE ya kwanza ikafanywa chini ya Baraza la Mitihani, KNEC, lililoundwa 1980. Kwa miaka karibu arobaini, hesabu ya KCPE ikawa maswali 50 kwa saa mbili bila kikokotoo, penseli ya HB, chora mstari ndani ya kisanduku. Watoto walikokotoa gharama ya kutuma telegramu hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuona telegramu. Magazeti yalichapisha watoto bora na shule bora, mtoto amebebwa juu juu, mamake anapiga vigelegele. Orodha ilikuwa imeshinda.

Na ikazaa ndugu zake. Tuisheni ya asubuhi, tuisheni ya jioni, tuisheni ya likizo, mpaka Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku ile ya likizo. Mitihani ya majaribio kila wiki mbili. Hesabu za kichwa asubuhi kabla ya gwaride, mwalimu mlangoni, kiboko mkononi, kila jibu lililokosekana na kipimo chake. Viboko vilipigwa marufuku 2001, lakini uliza mtu yeyote wa umri wangu kama habari hiyo ilifika shuleni kwao. Mwishoni mwa 2014 serikali ilisema haitazipanga tena shule kwa matokeo. Shule zikaendelea kujipanga zenyewe, kwa mabango ya barabarani.

Hapa Molo kulikuwa na jambo la ziada. Hesabu ni ngazi, na ngazi haitaki kukosa kipago. Ukikosa wiki tatu za historia, utasoma mwenyewe baadaye. Ukikosa wiki tatu za sehemu, asilimia itakushinda, uwiano utakushinda, na aljebra hutaisogelea. Watoto wa Molo na Kuresoi walikosa zaidi ya wiki tatu. Mapigano ya 1992 yaliwatoa makwao, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakawatoa tena. Wengine walijikuta kwenye hema za uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Waliporudi darasani, marudio ya karatasi za zamani yaliwauliza mambo ambayo hawakuwahi kufundishwa mara ya kwanza. Neno "kurudia" lilikuwa uongo kwao. Na bado orodha ikawahesabu pamoja na wengine, kisha tukasema watu wa upande fulani hawana kichwa cha hesabu.

Mbona basi wengine walifaulu kufanya tofauti? Kwa sababu kila zama kuna walimu waliokataa. Mwaka 1998 serikali na shirika la JICA la Japani walianza mradi wa SMASSE kwa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mwanafunzi aguse, afanye, ajaribu, na kama huna kifaa, tengeneza kwa kilichopo. Vifuniko vya chupa vikawa uwezekano, kamba na vigingi vikawa jiometri.

Na jirani zetu wa Njoro wana mfano ambao dunia iliuona. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alifundisha hesabu na fizikia Keriko, shule ya kutwa ya mseto katika kijiji cha Pwani. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58, na kompyuta moja. Yeye na wenzake wanne waliwatafuta wanafunzi waliobaki nyuma, wakawafundisha hesabu na sayansi mmoja mmoja, nje ya vipindi na wikendi. Machi 2019, kule Dubai, akapewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Angalia ni nani aliyepewa muda wa ziada pale. Si wale wa kupandisha wastani wa shule. Ni wale wa C.

Hata simu ya mulika mwizi iliwahi kufanya kazi hiyo. Huduma ya Shupavu 291 ya Eneza ilituma maswali kwa ujumbe mfupi. Unajibu, unaambiwa papo hapo kama umepata ama umekosa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na KCPE ya mwaka huo ikasukumwa mpaka Machi 2021, kuna watoto ambao mwalimu wao wa pekee alikuwa simu ya mama, chaji ikiwepo.

Utafiti nao unaelekea upande wa bibi zetu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walilinganisha makundi mawili ya wanafunzi. Moja lilifanya maswali ya hesabu aina moja moja kwa mfululizo, jingine likafanya yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, la kuchanganya lilifanya vibaya zaidi. Wiki moja baadaye, kwenye jaribio, likalishinda lile lingine kwa mbali. Sababu ni kwamba swali likija bila kutangazwa, inabidi kwanza ujue ni la aina gani. Kitendawili hakijawahi kukwambia ni cha aina gani.

Sasa tufike leo. Tangu 2018 sera imekuwa kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi aende sekondari. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mwishoni mwa 2025 wanafunzi zaidi ya milioni moja wa gredi ya tisa walifanya KJSEA ya kwanza, inayobeba asilimia 60 ya alama za kuwapanga sekondari ya juu. Asilimia 40 iliyobaki inatoka kwenye tathmini za shuleni na ule mtihani wa gredi ya sita. Na baada ya mvutano mrefu, Aprili 2025 Waziri Julius Ogamba alitangaza kwamba hesabu itabaki lazima kwa kila mtu, ya kina kwa wa sayansi, ya msingi kwa wengine.

Ukweli ni kwamba shule zenye majina bado zinagombaniwa, na watu watagombana. Lakini lile chujio la zamani, la kumfukuza mtoto kabisa kwenye elimu, limeondolewa kwenye karatasi. Chujio ndilo lililozaa kiboko cha asubuhi, likazaa bunda la fotokopi na jibu la kukariri. Lililozaa limeondoka, watoto wake bado wamekaa sebuleni.

Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kuvaa joho, kwa hivyo sitajifanya mtaalamu wa ualimu. Lakini najua watu wengi wa rika letu, kwenye mitaa ya Nakuru na Nairobi, ambao wadogo zao huwaletea kitabu jioni. Kwa hao, historia hii imeacha vitu vya bure vya kutumia.

Chukua reli. Chora stesheni sita: Nakuru, Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Mau Summit. Makundi mawili, swali moja moja, mada zimechanganywa ndani ya kofia. Kundi halisongi kwa kutaja jibu. Linasonga mmoja wao akieleza ubaoni jinsi walivyolipata, na mwenye kueleza achaguliwe kwa kura, ili wale wajuaji wawe na haja ya kuwafundisha wenzao kabla. Wakikosa, wanatoa mji: wanarudi stesheni moja, na kundi la pili linadaiwa maelezo.

Ama chukua karatasi ileile ya zamani na uifanye kinyume. Wape jibu sahihi mapema, B, kwisha. Kazi yao iwe kutunga hadithi ya mtu aliyechagua C: aliwaza nini? Mtoto anayeweza kukuelezea kosa la mwenzake hawezi kulifanya kirahisi.

Ama mpeleke sokoni siku ya soko na mzani wa kuning'iniza. Mwambie akadirie kwanza, apime, kisha apige hesabu ya tofauti kwa asilimia. Mwulize asilimia ya nini. Mwulize tena. Akikosa, mwambie akupe mji, umweleze, kisha nenda naye kwenye gunia linalofuata.